SOMO LA VIKUNDI: MARAFIKI WALIOKOSANA WANAPOTAKA KUOKA MKATE PAMOJA



Tukitembelea vikundi, swali la kwanza huwa ni mtaji. Pesa tutatoa wapi? Tanuri tutajenga na nini? Hayo ni maswali mazuri. Lakini si mnajua, biashara ndogo inaweza kufa hali pesa ipo na wateja wapo. Inakufa kwa sababu wenyewe hawasemezani. Kwa hivyo safari hii tumechagua somo la watu wawili waliokuwa marafiki tangu utoto, wakakosana, wakapatana, kisha wakafungua bekari.

Mmoja wenu asome kwa sauti, wengine wasikilize. Tumeweka mahali pa kusimama na kuzungumza. Msiharakishe.

Hadithi yenyewe ni ya mfano, tumeitunga sisi ili ifundishe. Ukiona inafanana na jirani yako, usimnyoshee kidole. Hatukuwapa watu majina. Mmoja tutamwita Fundi, kwa kuwa anajua kuoka. Mwingine tutamwita Mwenye Duka.

SEHEMU YA KWANZA: HADITHI

Fundi na Mwenye Duka walizaliwa kijiji kimoja. Walichota maji pamoja, wakaenda shule pamoja, na siku ambayo mmoja hakuwa na chakula cha mchana, mwenzake alimkatia nusu ya kiazi chake. Hata walipoolewa waliolewa karibu, na wote wawili wakaingia kikundi kimoja cha akina mama.

Mwaka mmoja Fundi aliomba mkopo wa shilingi 12,000 kutoka kwa kikundi. Mdhamini wake akawa Mwenye Duka. Kabla hajalipa hata kidogo, mtoto wake akaugua, pesa zote zikaenda hospitali. Kikundi kilifuata katiba yake. Kilichukua cherehani ya mdhamini kikaiuza. Wiki hiyo hiyo Fundi akapanda matatu kwenda Nakuru kutafuta kazi. Hakuaga mtu.

Mwenye Duka alikasirika sana. Siku moja kisimani, mbele ya akina mama wengi, alimwambia mama yake Fundi, "Mtoto wako ni mwizi." Yule mama mzee alijitwika mtungi wake akaenda bila kujibu. Maneno hayo yakafika Nakuru kabla ya juma kuisha.

Miaka 9 ikapita. Kule mjini Fundi alipata kazi katika bekari. Alianza kwa kuosha mikebe ya kuokea, akajifunza kukanda, mwisho akawa msimamizi wa tanuri zamu ya usiku. Mama yake alipofariki alirudi nyumbani kumzika. Jioni ya pili ya matanga, Mwenye Duka aliingia uani akiwa amebeba sukari kilo 2 na majani ya chai. Hakusema kitu. Fundi alisimama, wakakumbatiana, wakalia sana.

Baada ya mazishi Fundi aliamua kutorudi mjini. Mwenye Duka naye alikuwa na chumba kitupu nyuma ya duka lake pale sokoni. Mkate uliouzwa hapo ulitoka mbali kwa gari, ukifika saa nne asubuhi, na mara nyingine ulikuwa wa jana. Wakaambiana, "Mbona tusioke sisi wenyewe?" Wakajenga tanuri la matofali, wakaanza kwa furaha. Hakuna kilichoandikwa. Walisema, "Sisi ni kama ndugu, tuandikiane nini?"

Miezi 4 ya kwanza mambo yalienda vizuri. Kisha ikanyesha mvua ya siku tatu. Watu hawakuja sokoni, mikate 20 ikalala. Mwenye Duka akauliza kwa nini Fundi ameoka mingi hivyo. Fundi naye akauliza kwa nini pesa ya unga imenunua soda za duka. Sauti zikapanda. Mwisho Mwenye Duka akasema, "Wewe ni wewe tu. Hata cherehani yangu uliila hivi hivi." Fundi akajibu, "Na mama yangu amekufa akiitwa mama wa mwizi."

Siku hiyo tanuri likazimwa.

SIMAMENI HAPA. Zungumzeni kwa dakika 10: Hawa wawili waligombania nini? Je, ni mkate?

SEHEMU YA PILI: TUNAJIFUNZA NINI?

1. Kulia pamoja si kumaliza maneno.

Matanga yaliwakutanisha, na hilo ni jambo jema. Lakini hapakuwa na mtu aliyetaja cherehani wala maneno ya kisimani. Kila mmoja alidhani machozi yamelipa deni lake. Kumbe madeni yalikuwa mawili. Moja lilikuwa la pesa, na la pili lilikuwa la jina. Mwenye Duka hakujua kwamba maneno yake yalifika Nakuru. Fundi naye hakujua kwamba ile cherehani ndiyo iliyokuwa ikilipa karo ya watoto wa mwenzake. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawa walijenga tanuri juu ya ufa.

2. Kusameheana ni jambo moja, kufanya biashara pamoja ni jambo jingine.

Wengi wetu huchanganya hayo mawili. Tukishasameheana tunaona ni lazima tuwe na mradi pamoja, ndipo watu waamini kwamba tumepatana. Si lazima. Kumbukeni Yakobo na Esau katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 33. Ndugu hao walikutana baada ya miaka mingi, wakakumbatiana na kulia. Esau akataka wasafiri pamoja. Lakini mwisho Esau alirudi Seiri, na Yakobo akaenda Sukothi. Walipatana kweli, na kila mmoja akachunga mifugo yake.

Kwa hivyo ukipatana na rafiki yako wa zamani, una uhuru wa kumwambia, "Nimekusamehe, na nyumbani kwangu karibu, lakini biashara tusifanye pamoja." Huo si uchungu, ni kujijua. Na mkiamua kufanya pamoja, iwe ni kwa sababu kila mmoja ana kitu ambacho mwenzake hana. Katika hadithi yetu, mmoja alikuwa na ujuzi wa tanuri na mwingine alikuwa na chumba, wateja na uzoefu wa kuuza. Hiyo ni sababu nzuri. "Tulisoma pamoja" peke yake haitoshi.

3. Deni la zamani halilipwi na mkoba wa bekari.

Mtu akiwa na deni la zamani kwa mwenzake, alilipe kutoka mfukoni mwake. Akilitoa katika pesa ya unga, biashara itakuwa inalipa dhambi ambayo haikutenda. Na yule anayedai asijilipe kimya kimya kwa kuchukua mkate au chenji. Hiyo ndiyo njia ya haraka ya kurudi kisimani.

SEHEMU YA TATU: WALIVYOKETI KUZUNGUMZA

Wiki mbili tanuri likiwa baridi, mwalimu mmoja mstaafu, mama aliyewafundisha wote wawili darasa la tatu, aliwaita kwake. Hakuwauliza nani ana makosa. Aliwapa sheria moja tu. Alisema, "Wanangu, mmoja ataongea, mwingine atanyamaza. Akimaliza, wewe uliyenyamaza utarudia aliyosema mwenzako mpaka yeye akubali kwamba umesikia vizuri. Ndipo na wewe utaongea."

Jaribuni hili katika kikundi chenu, ni gumu kuliko linavyosikika. Mtu aliyekasirika husikiliza ili apate la kujibu. Akilazimika kurudia, husikiliza ili aelewe.

Walikaa mpaka jioni. Kila mmoja alisikia jambo ambalo hakuwa amelijua kwa miaka 9. Kisha wakakubaliana hivi:

Deni la pesa. Fundi atalipa shilingi 12,000 za cherehani kwa kutoa shilingi 500 kila mwezi kutoka kwa mgawo wake mwenyewe. Hiyo ni miezi 24.

Deni la jina. Neno lililosemwa mbele ya watu husahihishwa mbele ya watu. Mwenye Duka alikwenda kisimani siku ya watu wengi akasema, "Mnakumbuka nilimwita huyu mwizi. Haikuwa kweli. Alikuwa na mtoto mgonjwa na deni." Mama mzee hakuwepo tena kusikia. Hilo halikuweza kurekebishwa, na Mwalimu hakuwadanganya kwamba linaweza.

Jambo la tatu likawa kuuliza upya, kwa akili tulivu: je, bado tunataka bekari? Mwalimu aliwapa siku 7 za kufikiri, kila mtu kwake. Wote wawili walirudi wakasema ndiyo.

SEHEMU YA NNE: MAMBO YA KUANDIKIANA

Mali bila daftari huisha bila habari. Kuandika hakuonyeshi kwamba hamuaminiani. Kunalinda urafiki, kwa sababu mkibishana mtabishana na karatasi. Andikeni mambo haya, mtie sahihi mbele ya shahidi, kila mmoja awe na nakala yake:

(a) Kila mmoja ameleta nini: pesa, matofali, mikebe, chumba. Wekeni thamani yake kwa shilingi. Chumba kikiwa cha mmoja, andikeni kama biashara italipa kodi na ni ngapi.

(b) Nani anafanya kazi gani, na atalipwa nini kwa kazi hiyo kabla ya faida kugawanywa.

(c) Faida na hasara zitagawanywa vipi.

(d) Pesa zinawekwa wapi. Biashara iwe na akaunti yake au till yake ya simu. Pesa ya mkate isiingie katika simu ya mtu binafsi wala katika kasha la duka.

(e) Mkate wa nyumbani. Kila mmoja anachukua mingapi kwa wiki, na jamaa wakija kukopa watajibiwa nini. Msicheke, hapa ndipo wengi huvunjikia.

(f) Mmoja akiugua, akihama, akifariki au akitaka kutoka, mwenzake atamlipa vipi na kwa muda gani.

(g) Mkikosana, nani mtamwita kabla ya kuzima tanuri.

Tunaongeza jambo moja. Kila mmoja amfundishe mwenzake kazi yake. Fundi amfundishe Mwenye Duka kukanda, na Mwenye Duka amfundishe Fundi kuandika daftari la mauzo. Mkifanya hivyo, mmoja akiugua mkate hautakosekana. Tena aliyewahi kukesha na tanuri hataona kazi ya mwenzake ni rahisi.

SEHEMU YA TANO: HESABU YA MKATE

Ugomvi wao ulianza na mikate iliyolala. Kwa hivyo tuchukue kalamu. Kwa pakiti moja ya unga wa ngano ya kilo 2 mtahitaji hivi:

Unga gramu 2,000
Maji gramu 1,200 (lita 1 na gramu 200)
Sukari gramu 100
Mafuta gramu 60
Chumvi gramu 35
Hamira kavu gramu 25

Jumla ni gramu 3,420 za unga uliokandwa. Mkate hupungua uzito tanurini kwa kuwa maji hutoka. Ili mpate mkate wa gramu 400, pimeni donge la gramu 450. Mtapata mikate 7, na yatabaki gramu 270 za kutengeneza skonzi 5 ndogo. Nunueni mizani. Kipimo cha macho humwibia mteja leo na kuwaibia ninyi kesho. Unga wa kila kampuni hunywa maji tofauti, kwa hivyo ongezeni maji kidogo kidogo. Na mahali pa baridi donge huchelewa kuumuka, basi angalieni donge lenyewe kuliko saa.

Sasa bei. Hizi ni za mfano tu, ninyi wekeni za soko lenu:

Unga 180
Sukari 16
Mafuta 18
Hamira 30
Chumvi 2
Kuni 40
Karatasi za kufungia 28
Jumla shilingi 314

Mikate 7 kwa shilingi 60 ni 420. Skonzi 5 kwa shilingi 10 ni 50. Jumla ya mauzo ni 470. Toeni 314, inabaki 156.

Mkioka pakiti 5 kwa siku, mtakuwa na mikate 35, na baki itakuwa 780. Toeni kodi ya chumba na usafiri, tuseme 200. Inabaki 580, yaani 290 kwa kila mmoja kama mnagawana sawa. Haya, sasa tuseme mikate 5 imelala. Mmepoteza 300. Inabaki 280, yaani 140 kwa kila mmoja. Na ikilala mikate 10? Mmepoteza 600. Mmefanya kazi kutwa nzima na mmepata hasara ya shilingi 20.

Mnaona? Mikate 10 tu kati ya 35 inatosha kula jasho la watu wawili. Ndiyo maana Mwenye Duka alipandisha sauti siku ya mvua, na kwa hesabu alikuwa na haki. Lakini Fundi hakuwa akiambiwa ni mikate mingapi iliuzwa jana. Dawa yake ni ndogo: kila jioni, kabla ya kukanda, wakae dakika 5 na daftari. Mingapi ilioka? Mingapi iliuzwa? Mingapi ililala? Mingapi ilikopwa, na nani? Kutokana na hayo waamue pamoja kiasi cha kesho. Wakiamua pamoja, mkate ukilala umelala wa wote wawili.

Mkate uliolala siku moja uuzwe kwa bei ya chini, mteja akiambiwa wazi. Ulioota ukungu utupwe. Usipewe mtu wala kuku.

SEHEMU YA SITA: SHERIA NA VIBALI

Watu wawili wanaooka pamoja kwa kutafuta faida ni washirika wa biashara. Kikundi cha kujisaidia ni kitu kingine, na vikundi vya jamii vina sheria yake ya mwaka 2022. Washirika wanaongozwa na Sheria ya Ubia ya mwaka 2012. Mambo mawili ni ya kukumbukwa. La kwanza, kama hamkuandikiana, mtahesabiwa kwamba mnagawana sawa kwa sawa, hata kama mmoja alileta zaidi. La pili, deni la biashara linaweza kumfikia mshirika mmoja hadi kwenye mali yake ya nyumbani. Mwenzako akikopa unga kwa jina la bekari, na wewe umekopa.

Jina la biashara huandikishwa kupitia eCitizen. Kama hamna mtu wa kuwasaidia na mtandao, nendeni Huduma Centre. Kutoka kwa serikali ya kaunti mtahitaji kibali cha biashara na leseni ya usafi wa chakula, na afisa wa afya atakuja kukagua jengo, maji na choo. Kila anayegusa chakula lazima apimwe na awe na cheti cha afya, kinachofanywa upya kila baada ya miezi 6. Na mkitaka kufunga mkate na kuupeleka maduka mengine, ulizeni KEBS juu ya alama ya ubora mapema, kabla hamjachapisha karatasi za kufungia.

MWISHO WA HADITHI

Tanuri liliwashwa tena. Hatutasema hawakukosana tena, kwa sababu watu wanaofanya kazi pamoja hukosana. Lakini waligombana juu ya mkate, na ugomvi ukaishia kwenye mkate. Mwezi wa 24 Fundi alilipa shilingi 500 za mwisho. Mwenye Duka akaandika katika daftari "limekwisha", wote wawili wakatia sahihi. Kisha wakaenda kukanda, maana hamira ilikuwa imeshaanza kufanya kazi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Je, kikundi kilifanya vizuri kuuza cherehani ya mdhamini? Katiba yenu inasema nini mwanachama akipatwa na ugonjwa katikati ya mkopo?

2. Ni lipi lililomuumiza zaidi kila mmoja, pesa au maneno? Kwa nini?

3. Watu wawili waigize mazungumzo ya kwa Mwalimu kwa kufuata sheria ya kurudia. Wengine watazame. Mmeona nini?

4. Fanyeni upya hesabu ya mkate kwa bei za soko lenu. Ni mikate mingapi ikilala ndipo mnaingia hasara?

5. Swali la mwisho msilijibu kwa sauti. Kila mmoja aende nalo nyumbani: kuna rafiki wa utoto ambaye hamsemezani? Kati yenu kuna deni la pesa, deni la jina, au yote mawili? Na nani ataanza kwenda kwa mwenzake na sukari kilo 2?